Gitaa la pauni 8: kazi ya baba na mwana

Wapenzi wa muziki wa roki na bluzi huyajua magitaa ya wanamuziki wao kwa majina, kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. B.B. King aliliita lake Lucille, baada ya kurudi ndani ya ukumbi uliokuwa ukiungua huko Arkansas, Marekani, mwaka 1949, ili aliokoe. Moto ule ulianza pale wanaume wawili walipopigana kwa sababu ya mwanamke mwenye jina hilo. Eric Clapton aliunganisha vipande vya magitaa matatu akapata Blackie. Mwaka 2004 liliuzwa kwa mnada mjini New York kwa dola 959,500, na fedha zikaenda kwenye kituo cha kutibu waraibu alichokianzisha kisiwani Antigua.

Kampuni nazo hutengeneza nakala za magitaa ya namna hiyo na kuyauza kwa jina la mwanamuziki. Ndizo nakala ambazo vijana wetu hutuonyesha kwenye simu wakisema, "Mama, hili hapa," nasi tukiangalia bei tunanyamaza.

Gitaa ninalotaka tulizungumze leo halikutoka dukani. Linaitwa Red Special, na mwenyewe ni Brian May wa kundi la Queen la Uingereza. Mwaka 1963 alikuwa kijana wa miaka 16 anayesoma shule na kuishi na wazazi wake Feltham, magharibi ya London. Alitamani gitaa la umeme la Fender, lakini kwa kipato cha nyumba yao halikununulika. Baba yake, Mzee Harold, alikuwa mchoraji wa michoro ya mitambo katika wizara ya usafiri wa anga, mtu aliyezoea kutengeneza vifaa vya umeme nyumbani kwa mikono yake. Wakakubaliana walitengeneze wenyewe.

Chumba kimoja cha nyumba kikageuka karakana, na kazi ikachukua takriban miaka miwili. Shingo ya gitaa waliichonga kutoka kwenye mbao ya mahogani ya meko ya zamani, yale ya ukutani ya kuotea moto. Mbao hiyo ilikuwa imetobolewa na wadudu, wakaziba matundu kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya mwili wa gitaa ilitokana na mbao za meza kuukuu. Springi zinazorudisha nyuzi mahali pake zilitoka kwenye injini ya pikipiki ya zamani. Mkono wa kutikisia sauti ulikuwa chuma cha kubebea mfuko wa baiskeli, na ncha yake ilikuwa kipande cha sindano ya mama ya kufumia sweta. Zile alama nyeupe za shingoni, zinazomwonyesha mpigaji mahali pa kuweka vidole, ni vifungo vya nguo vya gamba la chaza kutoka kwenye kisanduku cha mama cha ushonaji.

Vitu vichache tu vilinunuliwa, vikiwemo vinasa sauti vya sumaku, kwa kuwa vile alivyojitengenezea mwanzoni havikumridhisha. Ukiacha vinasa hivyo, gharama yote inatajwa kuwa kama pauni 8.

Wakati baba na mwana wakipiga randa, mitaa michache tu kutoka hapo ilihamia familia kutoka Zanzibar. Ilikuwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Mzee Bomi Bulsara, mkewe na watoto wao wawili walifika Feltham kuanza maisha upya, kama wengi wetu tulivyofika katika miji tunayoishi sasa. Mtoto wao wa kiume, Farrokh, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury. Vijana hawa wawili hawakujuana wakati huo. Walikutana baadaye kupitia rafiki wa chuo, na mwaka 1970 Queen ikaanza. Gitaa lile la mbao za meko ndilo lililosikika nyuma ya sauti ya mtoto wa Zanzibar kwa miaka yote iliyofuata, hata uwanjani Wembley siku ya tamasha la Live Aid mwaka 1985.

Lakini ndani ya nyumba ya akina May mambo hayakwenda kama mtu angedhani. Brian alikuwa akisomea shahada ya uzamivu ya elimu ya anga katika chuo cha Imperial, London, akichunguza vumbi lililo kati ya sayari. Katikati ya miaka ya 1970 aliiacha ili afuate muziki. Baba aliyemshikia mbao ikichongwa hakukubali. Alikuwa amejinyima mengi ili mwanawe asome, na sasa aliona masomo yanatupwa. Kwa muda wakawa hawaelewani.

Hapo ndipo hadithi hii inaponigusa. Mimi ni muuguzi, na kazini nakutana na Waswahili wenzangu wengi. Usiku wodi ikitulia, mazungumzo hurudi palepale: mtoto ameacha famasia anataka muziki, binti hataki tena sheria, baba hapokei simu. Tumebeba boksi, tumefanya zamu za ziada, na tunahisi mtoto anadharau jasho letu. Naye mtoto anaona tunachokipenda ni cheti, wala si yeye. Ninawaelewa wote wawili.

Queen walipopiga katika ukumbi wa Madison Square Garden, Brian aliwasafirisha wazazi wake hadi New York wakaone. Baada ya onyesho baba alimpa mkono akamwambia kuwa sasa ameelewa. Mzee Harold alifariki mwaka 1988. Mwaka 2007, mwanawe akiwa na miaka 60, alikamilisha tasnifu ile aliyoiacha na kupata uzamivu wake. Baba hakuiona siku hiyo.

Sisemi kila kijana aache chuo. Wengi wanaoacha hawafiki Wembley, na wanafunzi wanaosoma hapa wazingatie kwamba Brian aliyatunza maandishi yake, ndiyo maana aliweza kuyarudia. Ninachokiona ni kwamba ugomvi ule haukuifuta miaka miwili ya karakana. Kila alipopanda jukwaani, mwana alikuwa ameshika kazi ya mikono ya baba yake na vifungo vya mama yake.

Sisi wa zamu za usiku hufidia muda kwa vitu. Mtoto akitaka gitaa, tunalipa kwa kadi na kurudi kulala. Si kila mzazi ni fundi, lakini gitaa kuukuu la duka la mitumba linaweza kusafishwa na kubadilishwa nyuzi Jumapili moja mkiwa pamoja mezani. Ukijua kushona, shona naye. Ukijua useremala, mpe randa aishike.

Kwa walioko London, Feltham iko jirani na uwanja wa ndege wa Heathrow. Kwenye ukuta wa nyumba namba 22, Gladstone Avenue, kuna kibao cha buluu kinachomkumbuka Freddie Mercury, na Brian May alikuwepo kilipozinduliwa mwaka 2016. Ni nyumba ya kuishi watu, hivyo tazameni mkiwa barabarani. Mkienda na watoto, waambieni kwamba familia ile nayo ilitoka Zanzibar, na kwamba mitaa michache kutoka hapo baba mmoja alimsaidia mwanawe kutengeneza gitaa kwa mbao za meko.