NYASI NDEFU NI CHUJIO LA MAJI YA MTO

Mvua kubwa inaponyesha Nairobi, wakaaji wa mitaa ya Eastlands huona jambo lile lile kila mwaka. Maji hukusanyika upesi katika nyua, hupita juu ya uwanja wa nyasi bila kukawia, huingia katika mtaro, na muda si muda mto hugeuka rangi ukawa kama chai ya maziwa. Watu wengi hufikiri ya kuwa uchafu huo wote hutoka mbali, katika viwanda na majaa ya taka. Ni kweli kwamba mwingi hutoka huko. Lakini sehemu yake hutoka mlangoni pa watu wenyewe, na jinsi nyasi za mtaa zinavyotunzwa huweza kuuzidisha au kuupunguza.

NJIA MBILI ZA MAJI

Yafaa kwanza kufahamu ya kuwa maji ya mji yana njia mbili. Maji ya chooni na ya jikoni, mahali palipo na mabomba mazima, hupita chini ya ardhi mpaka mahali pa kusafishwa, kama vile Kariobangi na Ruai. Maji ya mvua hayapiti huko. Hayo hufuata mitaro, na mitaro huishia mtoni moja kwa moja. Hapana mtambo wowote unaoyasafisha njiani. Basi vumbi la njia, mavi ya mbwa na mbuzi, mafuta yaliyomwagika chini ya magari, na mchanga uliochukuliwa mahali penye ardhi tupu, vyote hushuka pamoja na mvua.

Mito mitatu hupokea maji hayo, nayo ni Mto Mathare, Mto Nairobi na Mto Ngong. Yote hukutana upande wa mashariki wa mji, kisha maji yake huingia katika Mto Athi. Mto huo hupita katika nchi ya Ukambani, huitwa Galana ukikaribia pwani, na mwisho huitwa Sabaki unapoingia baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo jambo hili si la watu wa mjini peke yao. Mkulima anayenyunyizia sukumawiki huko Njiru, na mama anayechota maji ya Athi mbali na mji, wote hupokea kile kilichoachwa kitiririke Eastlands.

KWA NINI NYASI FUPI HAZIZUII MAJI

Mtaa wa Kaloleni ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa mfano wa miji ya bustani ya Uingereza, na nyumba zake zilipangwa kuzunguka viwanja vya nyasi. Mitaa mingine iliyofuata nayo iliachiwa nafasi za wazi. Tangu zamani desturi imekuwa kuzifyeka nyasi hizo ziwe fupi sana, maana uwanja uliofyekwa huonekana safi.

Lakini kinachopendeza macho sicho kila mara kinachoufaa mto. Nyasi inayokatwa kila wiki mbili haipati majani ya kutosha kuilisha mizizi yake, basi mizizi hubaki mifupi. Watu wanapopita juu yake mwaka baada ya mwaka, udongo hukandamizwa ukawa mgumu karibu kama sakafu. Mvua ikinyesha, maji hayaoni mahali pa kuingia, nayo hukimbia juu juu.

Mtu aweza kujifanyia hesabu mwenyewe. Mvua ya milimita 1 inayoanguka juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Uwanja wenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 40 una mita za mraba 2,000. Mvua ya milimita 25 ikianguka juu ya uwanja huo, hizo ni lita 50,000, yaani madebe 2,500 ya lita 20. Ni tofauti kubwa kama maji hayo yatanywewa na ardhi pole pole, ama kama mengi yake yatakimbilia mtaroni kwa mkupuo mmoja.

Tena, sehemu kubwa ya Eastlands ina udongo mweusi unaonata, tofauti na udongo mwekundu wa upande wa magharibi wa mji. Udongo mweusi hupasuka wakati wa kiangazi, na maji ya mvua za kwanza huingia katika nyufa zake. Ukisha kulowa hufura, nyufa hujifunga, na maji huingia kwa shida sana. Kwa hiyo katika udongo wa namna hii ni lazima kuwe na kitu cha kuyachelewesha maji juu ya ardhi. Kitu hicho ni nyasi ndefu, vichaka na miti.

KAZI YA NYASI NDEFU NA MITI

Nyasi zilizoachwa kukua mpaka magoti hufanya kazi kama kung'uto la kukamulia nazi. Maji yakikutana na mashina mengi yaliyosongamana hupunguza mwendo, na maji yanayokwenda pole pole hayawezi kubeba mchanga na matope. Huyaacha hapo hapo. Mbolea nyingi na uchafu mwingine husafiri umeshikamana na chembe za udongo, basi udongo ukizuiwa, uchafu huo nao huzuiwa. Mizizi mirefu hufungua njia ndani ya ardhi. Ikioza, huacha vitundu vinavyopitisha maji. Nyungunyungu na mchwa huongeza vitundu hivyo, na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho huula uchafu uliobaki.

Miti huongeza faida ya namna nyingine. Majani yake hupokea matone ya mvua kabla hayajapiga ardhi, na mizizi yake hushika kingo za mto zisimomonyoke.

Afrika Mashariki imekwisha kuona ushahidi wa jambo hili. Mjini Kampala, maji machafu ya mfereji wa Nakivubo yalikuwa yakipita katika bwawa la mafunjo kabla ya kufika Ziwa Viktoria, na mimea hiyo iliyachuja bila malipo. Watu walipozidi kulima na kujenga katika bwawa hilo, nguvu yake ya kuchuja ilipungua, na uchafu ulizidi kuingia katika ghuba ambayo mji wenyewe huchotea maji ya kunywa.

MAFUNZO YA NAIROBI YENYEWE

Kazi ya kurudisha mimea kando ya Mto Nairobi si mpya. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wanawake wenzake walikwenda kwa maandamano mpaka uwanja wa Kamukunji, kwenye mlango wa Eastlands, wakapanda miti 7. Hapo ndipo ilipoanza kazi iliyokuja kujulikana kote duniani, nayo ilimpatia tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Lakini mingi ya ile miti 7 ilikufa. Somo lake ni wazi: kupanda ni kazi ya siku moja, na kutunza ni kazi ya miaka.

Kuanzia mwaka 2008, wakati John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira, ukingo wa mto karibu na mzunguko wa Globe uliondolewa taka ukapandwa miti. Mahali hapo leo huitwa kwa jina lake. Chini zaidi, huko Korogocho, vijana wa kikundi cha Komb Green Solutions walianza mwaka 2017 kuondoa taka katika ukingo wa mto na kupanda miti, mpaka mahali pa kuogopwa pakawa bustani ya watu wote.

Mvua ya masika ya mwaka 2024 iliwakumbusha watu bei ya kuupuuza mto. Mwezi wa Aprili Mto Mathare ulifurika ukabeba nyumba na roho za watu. Nyasi peke yake hazingeyazuia mafuriko makubwa kama yale. Hata hivyo kila uwanja unaochelewesha maji hupunguza haraka ya mto kujaa.

HOFU ZA WAKAAJI

Wazazi wengi hawapendi nyasi ndefu, nao wana sababu zao. Wa kwanza huogopa nyoka, wa pili mbu, wa tatu wezi. Kuhusu mbu, yafaa kujua ya kuwa hutaga mayai katika maji yaliyotuama, kama vile ndani ya kopo au gurudumu lililotupwa, wala si juu ya jani la nyasi. Na nyasi zinazosaidia maji kuingia ardhini huwapunguzia mahali pa kuzalia. Kuhusu nyoka na wezi, dawa yake ni kuacha nyasi ndefu mbali na milango, na kufyeka njia pana ambayo mtu aweza kuona mbele na nyuma.

Hofu ya nne ni kubwa kuliko zote. Watu wa Eastlands wameona viwanja vyao vya wazi vikinyakuliwa, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria. Uwanja unaoonekana kama pori lisilo na mwenyewe humkaribisha mnyakuzi, na pia humkaribisha mtu wa kutupa taka usiku. Kwa sababu hiyo nyasi ndefu hazifai kuachwa ovyo. Lazima zionekane ya kuwa zimepandwa na kutunzwa na watu wanaojua mipaka ya ardhi yao.

JINSI YA KUFANYA

Wakaaji wakitaka kuanza, na wakutane kwanza, wapatane, kisha wapeleke habari kwa chifu na kwa Serikali ya Kaunti. Uwanja wa watoto wa kuchezea mpira uachwe kama ulivyo. Mahali panapofaa ni ule ukanda ulio kati ya nyumba na mtaro, au kati ya nyumba na mto, hasa penye mteremko. Hata ukanda wa hatua kumi huleta faida. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga katika ukingo wa mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kwa kadiri ya mahali, basi ukingo huo ndio wa kwanza kuachiwa mimea.

Udongo uliokuwa mgumu ulegezwe kwa jembe kabla ya mvua. Nyasi zifyekwe mara moja au mbili tu kwa mwaka, mbegu zikiisha kuanguka, wala zisikatwe chini ya kimo cha shubiri. Nyasi zilizokatwa ziondolewe, zisiachwe zikazibe mtaro. Na zile za kando ya mto mchafu zisipewe ng'ombe wala mbuzi. Pembeni pafyekwe mstari ulionyooka, upana wa hatua mbili, na kibao kisimamishwe chenye jina la mtaa. Taka zikusanywe kila juma, maana nyasi ndefu huficha mifuko.

Miti kama mkuyu yafaa ukingoni, bali isipandwe karibu na kuta wala mabomba. Mikaratusi isipandwe kabisa kando ya mto, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Hapana budi kusema pia kile ambacho nyasi haziwezi. Haziwezi kusafisha maji ya choo yanayotoka katika bomba lililopasuka, wala sumu ya kiwanda. Mambo hayo ni kazi ya wenye mabomba, wenye viwanda na wasimamizi wa sheria, na wakaaji wana haki ya kuwadai. Lakini mtaa uliotengeneza ukanda wake hudai kwa sauti yenye nguvu zaidi, kwa kuwa umekwisha kufanya sehemu yake.

Wazee walisema ya kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli, lakini yaweza kucheleweshwa, na yakichelewa husafika. Mtaa utakaoweka fyekeo chini sehemu moja ya uwanja wake kabla ya masika utaweza kuona wenyewe, mvua ikinyesha, tofauti ya maji yanayoingia katika mtaro.