Kunoa Kinoo: Ukarabati wa Cherehe Kuukuu na Uchongaji wa Mawe Yake

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hii yaafiki hali ya mtambo mmoja mdogo unaopatikana katika karakana nyingi za vyuma nchini Kenya, kuanzia Kamukunji na Gikomba jijini Nairobi hadi katika vyuo vya ufundi vya mashambani. Mtambo huo ni cherehe ya mezani, ambayo mafundi wa jua kali huiita grainda. Cherehe hunoa tindo, patasi, keekee, shoka na panga. Lakini jiwe lake nalo hufika siku likawa butu, na hapo halina budi kunolewa na chombo kingine.

Neno cherehe ni kongwe katika Kiswahili. Lina unasaba na cherehani, na yote mawili huhusishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Kabla ya umeme kuenea, cherehe ilizungushwa kwa mkono au kwa mguu. Mnoaji wa visu anayekanyaga pedeli za baiskeli iliyosimamishwa kando ya barabara bado hufuata kanuni ileile.

Makala haya yananuia kueleza jinsi cherehe ya umeme iliyochakaa inavyoweza kufufuliwa, na jinsi mawe yake yanavyochongwa yakarudi kukata. Hoja inayoyaongoza ni kwamba mtambo na jiwe havistahili kutendewa sawa. Mtambo kuukuu waweza kukarabatiwa ukafanya kazi miaka mingine mingi. Jiwe lenye ufa halikarabatiki, hutupwa. Fundi asiyetenganisha mambo haya mawili huweka rehani macho na uhai wake kwa sababu ya bei ya jiwe moja.

Jiwe na siri ya makali yake

Katika karne ya 19, wanoaji wa mji wa Sheffield nchini Uingereza walitumia mawe ya mchanga yaliyochimbwa ardhini. Vumbi la mawe hayo liliwaharibu mapafu, na mengi walikufa kabla ya uzee. Wengine waliuawa na mawe yaliyopasuka yakiwa mbioni. Katika miaka ya 1870, wafinyanzi wa Worcester, Massachusetts, nchini Marekani, walifaulu kuchanganya chembe ngumu na udongo kisha wakauchoma mchanganyiko huo tanurini. Mwaka wa 1891, Mmarekani Edward Acheson aligundua njia ya kutengeneza kabaidi ya silikoni kwa joto la umeme. Muda si mrefu baadaye, oksidi ya alumini nayo ikaanza kuyeyushwa katika tanuri za umeme. Mawe mengi ya kunolea yanayouzwa madukani leo ni wajukuu wa ugunduzi huo.

Jiwe la cherehe, basi, ni chungu cha aina yake. Lina mambo matatu: chembe zinazokata, kishikizo kinachoziunganisha chembe hizo, na vitundu vilivyo baina yake. Kila chembe ni mfano wa patasi ndogo. Inapokuwa butu, msukumo wa chuma huongezeka hadi ikavunjika na kutoa ncha mpya, au ikang'oka na kuiachia nafasi chembe iliyo nyuma yake. Kwa hiyo jiwe lililochaguliwa vyema hujinoa kwa kiasi fulani. Kishikizo kikiwa kigumu kupita kiasi, chembe butu hazing'oki, na uso wa jiwe hung'aa kama kioo. Kikiwa dhaifu mno, jiwe huisha upesi.

Haya yote huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa jiwe. Chukua mfano wa alama A 60 K 5 V. Herufi A huonyesha oksidi ya alumini, ambayo hufaa vyuma vya pua; C ingeonyesha kabaidi ya silikoni. Tarakimu 60 hueleza ukubwa wa chembe: kadiri namba inavyopanda ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo. K ni kiwango cha ugumu wa kishikizo, kikipimwa kutoka A kilicho laini hadi Z kilicho kigumu. 5 hueleza msongamano wa chembe, na V huonyesha kwamba kishikizo ni cha udongo uliochomwa. Karatasi hiyo pia hutaja kasi ya juu ambayo jiwe halipaswi kuipita. Jiwe lisilo na karatasi ni mgeni asiyejulikana atokako.

Kuifufua mashine

Umbo la cherehe ni sahili. Katikati pana mota. Shafti moja hutokeza pande zote mbili. Kila ncha hubeba jiwe lililobanwa baina ya visahani viwili vya chuma. Juu ya jiwe pana kifuniko cha kinga, na mbele yake pana kiegemeo cha kuwekea kifaa kinachonolewa.

Hatua ya kwanza ni kuchomoa waya wa umeme, wala si kuzima swichi tu. Baadhi ya mota zina kapasita, nayo huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Lazima imalizwe umeme wake kabla ya kuguswa. Kinachofuata ni kufungua nati. Hapa ndipo wanagenzi wengi huharibu shafti. Nati ya upande wa kulia hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume cha akrabu za saa, lakini ya upande wa kushoto ina hesi za kinyume, hivyo hufunguliwa kwa kufuata akrabu. Mpango huu umewekwa ili mzunguko wa jiwe usiilegeze nati kazini.

Mawe yakishatolewa, shafti huzungushwa kwa mkono. Ikikwaruza au kuchezacheza, beringi zimekwisha. Kwa bahati njema, beringi nyingi ni za vipimo vya kimataifa, na namba yake huandikwa ubavuni. Mathalani, beringi ya namba 6203 ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha milimita 40 na unene wa milimita 12, haidhuru imetengenezwa nchi gani. Wakati wa kuingiza beringi mpya kwenye shafti, msukumo huelekezwa kwenye pete ya ndani pekee. Ikigongwa pete ya nje, gololi huacha makovu, na beringi mpya hufa kabla ya siku zake.

Upande wa umeme hauhitaji huruma. Mashine za zamani zilitumia nyaya zilizovikwa mpira au kitambaa, vitu ambavyo hukauka na kupasuka. Waya kuu hubadilishwa, na waya wa ardhi hufungwa imara kwenye mwili wa chuma, kwa kuwa mwili huo ndio unaoguswa na fundi. Mota hupimwa kwa mita ya kihami ya volti 500, na ikionyesha chini ya megaomu 1, haiunganishwi hadi ikaushwe au isukwe upya. Mashine za mitumba zilizotengenezewa umeme wa volti 120 zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Kenya, ambao ni wa volti 240, huungua.

Kutu huondolewa kwa brashi ya waya, msasa na mafuta ya taa, kisha mwili hupakwa rangi. Rangi haipakwi kwenye visahani vinavyobana jiwe. Nyuso hizo sharti ziwe safi na bapa ili msukumo uenee sawasawa.

Kulihoji jiwe

Mota ya ncha mbili katika umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde huzunguka takriban mara 2,850 kwa dakika. Kwa jiwe la kipenyo cha milimita 150, ukingo wake husafiri mita 22 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilomita 80 kwa saa. Hiki ndicho kikomo cha mwendo ambacho matatu za Kenya ziliwekewa vidhibiti kufikia mwaka wa 2004. Jiwe la milimita 200 kwenye mota hiyohiyo hufikia kilomita 107 kwa saa. Aidha, nguvu inayolivuta jiwe lipasuke huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikizidishwa mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ndiyo maana jiwe la cherehe ya mezani halifungwi kamwe kwenye grainda ya mkono, ambayo huweza kuzunguka mara 11,000 kwa dakika.

Kwa sababu hiyo jiwe huhojiwa kabla ya kufungwa. Kwanza hutazamwa kama lina ufa au pengo. Kisha, likiwa kavu na safi, huning'inizwa kwa kidole au kijiti kupitia tundu lake na kugongwa polepole kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Hugongwa ubavuni, sentimita 3 hadi 5 kutoka ukingoni, kwenye mshazari wa digrii 45 kutoka mstari wa wima. Kisha huzungushwa kidogo na kugongwa tena. Jiwe zima hulia kwa sauti angavu; lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Mnunuzi wa chungu sokoni hufanya vivyo hivyo. Wahenga walilibeza debe tupu kwa kuvuma, lakini katika ufundi huu jiwe lisilovuma ndilo la kuogopwa.

Jiwe lililopita mtihani huu huingizwa kwenye shafti bila kulazimishwa, likiwa na karatasi zake pande zote mbili. Nati hukazwa kiasi cha kulishika tu.

Kulichonga jiwe

Dalili za jiwe linalohitaji kuchongwa ni nne: uso unaong'aa, vitundu vilivyozibwa na vyuma laini, mifereji iliyochimbika usoni, na mtetemo. Jiwe la namna hiyo halikati, bali husugua. Patasi hupata moto, ncha yake hugeuka rangi ya samawati, na ugumu wa chuma hupotea. Shaba na alumini ndizo ziletazo uzibaji huu, hivyo hazinolewi kwenye jiwe la kawaida la cherehe.

Kuchonga kuna malengo mawili. Lengo la kwanza ni kulirudishia jiwe umbo la duara kamili linalozunguka bila kuyumba. La pili ni kufichua chembe mpya zenye makali. Vifaa vitumikavyo aghalabu ni vitatu: kichongeo chenye magurudumu madogo ya nyota, kijiti cha kabaidi ya silikoni, na kipande cha almasi kilichopachikwa kwenye ncha ya mpini.

Fundi huvaa miwani na kizuia vumbi, huwasha mashine akiwa amesimama kando, na kusubiri dakika moja nzima. Jiwe lenye kasoro iliyofichika lina uwezekano mkubwa wa kupasuka katika muda huo. Kichongeo cha nyota huwekwa juu ya kiegemeo kilichosogezwa nje, meno yake ya chini yakishika ukingo wa mbele, kisha hupitishwa kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kusita. Kikisimama mahali pamoja, huchimba mfereji.

Almasi hutumiwa kwa adabu zaidi. Hushikwa ikiwa imeinamia chini digrii 10 hadi 15, ikifuata uelekeo wa mzunguko, na kila mpito huondoa takriban milimita 0.02 tu. Ikipitishwa haraka, uso huwa na makwaruzo yanayokata kwa ukali. Ikipitishwa polepole, uso huwa laini kwa kazi za mwisho. Mwanzoni sauti husikika ya kukatikakatika, kwa kuwa ni sehemu zilizoinuka tu zinazoguswa. Sauti hiyo inapokuwa moja isiyokatika, jiwe limekuwa duara.

Kila uchongaji hupunguza kipenyo cha jiwe. Kwa hivyo kiegemeo hurudishwa karibu hadi pengo lisizidi milimita 3, na ulimi wa kifuniko ulio juu usizidi milimita 6. Pengo likiachwa pana, kifaa huweza kuvutwa ndani pamoja na kidole cha mwenyewe.

Hitimisho

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka wa 2007 huagiza kwamba sehemu hatari za mitambo zikingwe. Hata hivyo, sheria haifiki katika kila kibanda, na kifuniko kilichong'olewa ili jiwe kubwa zaidi lipate kuingia hakimlindi yeyote. Ulinzi wa kwanza ni maarifa ya fundi mwenyewe. Mota, shafti na mwili wa cherehe kuukuu vyastahili kuokolewa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na vyombo vingi hutupwa kwa kukosa beringi mbili tu. Kwa jiwe, uchumi una mpaka wake: lililo zima hugongwa, huchongwa na kutumiwa, lililonyamaza huvunjwa ili mwingine asije akaliokota akalifunga.