Sura ya Saba: Programu Yenye Wenyewe Wengi

Karibu kila kifaa cha kielektroniki unachokinunua leo huja na programu iliyokwisha kukaa ndani. Mita ya tokeni inayo, rimoti ya televisheni inayo, hata simu ya mulika mwizi inayo. Inaitwa programu dhibiti. Hii si ile unayoipakua na kuifuta ukiichoka. Huishi kwenye chipu, na ndiyo inayokiamsha kifaa, inayosoma vitufe na kuamua betri itumike vipi. Mtengenezaji akiifunga, kifaa kitafanya alichotaka yeye mpaka kife. Akichapisha msimbo wake na kuruhusu watu waubadilishe, hapo kifaa hupata wazazi wengine.

Wapenzi wa gemu walilijua jambo hili mapema. Dingoo A320, kidude cha mkononi kutoka China kilichotoka mwaka 2009, kilitiwa Linux, mfumo wa programu ulio wazi, na wachezaji wenyewe. Arduboy, ambayo Kevin Bates aliichangishia fedha mtandaoni mwaka 2015, ilizaliwa ikiwa wazi: ina ukubwa wa kadi ya benki, na nafasi yake ya programu ni kilobaiti 32, ndogo kuliko picha moja unayotumiwa kwa WhatsApp. Watumiaji waliandika upya maktaba ya msimbo inayotegemewa na gemu zake. Baadaye wakabuni namna ya kuiongezea chipu ya kumbukumbu inayobeba mamia ya gemu, na mwenye kifaa akaikubali na kuiingiza katika toleo lililofuata, Arduboy FX. Mteja alimfundisha fundi.

Kaunti ya Taita Taveta, Kenya, inanivutia kwa sababu ya jamaa wa karibu wa vidude hivyo, asiye na skrini wala gemu. Ni kinasa sauti kinachoitwa AudioMoth, kilichobuniwa na Andrew Hill, Peter Prince na Alex Rogers katika vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, na kuanza kuuzwa mwaka 2017. Kinaenea kiganjani. Kina maikrofoni, kadi ya kumbukumbu, betri tatu za AA, taa nyekundu na ya kijani, na swichi moja ya nafasi tatu. Prosesa yake haizidi megahezi 48 na nafasi ya programu ni kilobaiti 256. Msimbo wake, ulioandikwa kwa lugha ya C, uko wazi kwa yeyote.

Kwa nini Taita? Kwa sababu misitu yake inasikika kuliko inavyoonekana. Ngangao ni msitu wa takriban hekta 120 tu, mara nyingi umefunikwa na ukungu, na wanyama wake wa usiku hukaa juu ya miti mirefu. Ukipita na tochi utaona macho mawili yanayong'aa, basi. Komba wa aina mbalimbali hufanana mno kwa umbo, lakini hutofautiana kwa mlio. Mwaka 2020 Hanna Rosti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambacho kina kituo cha utafiti Wundanyi, alichapisha pamoja na wenzake uchambuzi wa milio ya wanyama hao wa usiku. Katika kazi zao komba kibete wa Taita alithibitishwa kuwa bado yupo, na pimbi wa miti akaonekana kuwa na sauti ambazo hazikuwa zimewahi kuelezwa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba wimbo wa pimbi huyo unaweza kuzidi dakika 12. Mnyama anayeimba muda huo wote kwenye giza hastahili kutafutwa kwa macho.

Sasa tuone programu dhibiti inabeba mzigo gani katika kazi ya namna hii. Sauti hunaswa kwa kupimwa mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 2. Kanuni ni kwamba vipimo viwe zaidi ya maradufu ya mitetemo unayotaka kuinasa. Kwa pimbi, vipimo 32,000 kwa sekunde vinatosha na kubaki. Hiyo ni baiti 64,000 kila sekunde, megabaiti 230 kwa saa, gigabaiti 2.8 hivi kwa usiku wa saa kumi na mbili. Kadi ya gigabaiti 64 itakaa usiku 23. Ukigeukia popo, ambao milio yao inapita mbali uwezo wa sikio la binadamu, itakubidi upandishe vipimo hadi 384,000, ambacho ndicho kikomo cha AudioMoth. Hapo saa moja inakula nafasi ya usiku mzima wa pimbi, na kadi ile ile haimalizi usiku wa pili.

Ndiyo maana watumiaji walihitaji kifaa kinachochagua. Matoleo ya baadaye ya programu dhibiti yana uwezo wa kusikiliza bila kuandika, na kuanza kuandika pale tu sauti inapovuka kiwango fulani au inapokuwa na masafa fulani, yaani idadi fulani ya mitetemo kwa sekunde. Kwa masafa hutumika hesabu ya Gerald Goertzel ya mwaka 1958, ile ile ambayo mitambo ya simu hutumia kutambua umebonyeza tarakimu gani. Ni hesabu nyepesi, na wepesi ndio sifa yake kubwa: kwenye kilobaiti 256 hakuna pa kuweka fahari. Kwa njia ya usikivu wa aina hiyo, vifaa hivi vilijaribiwa Belize kutambua milio ya bunduki za wawindaji msituni, kazi ambayo mtu yeyote anayeishi kando ya mbuga ya Tsavo ataielewa bila maelezo.

Kuna jambo la saa pia, ambalo hunichekesha kila ninapolieleza. Kwa kawaida AudioMoth huandika majina ya faili kwa saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Kenya kwa saa tatu. Pimbi akilia saa tatu usiku, saa ya ukutani inasema 21:00, na faili inasema 18:00. Mnyama mmoja, mlio mmoja, saa tatu tofauti. Programu ya kupangia ratiba sasa humruhusu mtumiaji kuchagua saa za nchi yake, lakini anayesahau kufanya hivyo atamweka mnyama wa usiku mwanzoni mwa magharibi. Hata kurekebisha saa ya kifaa kumerahisishwa kwa ubunifu: simu hupiga mlio, maikrofoni ya kifaa inausikia, na muda unawekwa bila waya.

Upo pia uwezo wa kupanga kunasa kwa kufuata mawio na machweo. Uingereza, ambako mchana wa kiangazi na wa baridi hupishana kwa saa nyingi, huo ni msaada mkubwa. Taita, nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki hata kwa nusu saa mwaka mzima, na ratiba ya Januari inafaa Julai. Uwezo huo ulizaliwa kwenye haja ya wengine, na programu ya wazi huota upande anakotoka msemaji. Asiyesema hahesabiwi.

Hapa kuna dhana potofu ninayoikuta hata kwa wasomi. Watu hudhani jamii ya programu huria ni umati wa wataalamu wanaoandika msimbo usiku kucha. Sivyo. Wanaoandika ni wachache, na kwa AudioMoth lango linashikwa na kikundi kidogo cha wabunifu wenyewe. Kazi kubwa ya jamii ni kukitumia kifaa mahali ambako mwandishi hajawahi kukanyaga, kuona kinashindwa wapi, na kumweleza kwa usahihi. Msimbo bila wajaribu ni nusu ya kazi.

Na mahali pa kujaribu, Taita Taveta ipo. Joto la mji wa Voi ni jaribio moja, ukungu wa Ngangao ni jingine, na kati yake ni safari ya matatu. Kadi feki zinazoandikwa gigabaiti 64 na kubeba 8 nazo zinaweza kumharibia mtu mwezi mzima wa kazi. Watumiaji wa mwanzo walikifunga kifaa ndani ya mfuko mwepesi wa plastiki ili kisilowe. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika misitu na mbuga zinazohifadhiwa. Kifuniko cha kudumu, ambacho kwingine kingeonekana anasa, hapa ni suala la sheria.

Ujuzi wa mikono nao upo. Mafundi wa simu huko Voi huondoa programu dhibiti na kuweka nyingine kila siku. Wao husema kuflashi. Kwa AudioMoth kazi ni hiyo hiyo, tena nyepesi: waya wa USB, programu ya bure kwenye kompyuta, na toleo ulilochagua. Umeme ukikatika katikati, kipande kidogo cha kuamshia kinabaki salama, nawe unaanza upya. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, Ngerenyi, hawako mbali na misitu wala na mafundi hao, na sioni sababu ya ripoti bora za vifaa vya namna hii kutoka Ulaya peke yake.

Basi ukikutana na hitilafu, usiseme tu kwamba kifaa kimekataa. Andika namba ya toleo la programu dhibiti, aina na ukubwa wa kadi, nguvu ya betri ulipoanza na ulipomaliza, taa ipi iliwaka na kwa mtindo gani, saa ya kifaa na saa ya ukutani, na hatua zinazoirudisha hitilafu hiyo mbele ya macho ya mtu mwingine. Iandike kwa Kiswahili kwanza, mpaka ieleweke kwa jirani yako, kisha uitume.