Mkongwe na Kikongwe

Neno "mzee" halijafa, limehama. Simama kituo chochote cha daladala Dar es Salaam usikilize: konda wa miaka 20 anamwita dereva, rika lake, "mzee baba". Ajuza mwenye mkongojo akipanda kwa taabu, huyo ndiye anayeambiwa "wahi basi, bibi, unatuchelewesha".

Salamu nayo imepungukiwa. "Shikamoo" asili yake ni kushika miguu, na haikamiliki bila "marahaba". Aliyeitikia alijifunga: alipata haki ya kukuuliza unakwenda wapi usiku huu, na wajibu wa kukutetea ukionewa. Leo mwanamke wa miaka 45 akiamkiwa husema "usinizeeshe", na haki na wajibu vyote huishia hapo hapo. Ofisini, mwenye mvi ndiye anayemwamkia kijana aliyemzidi cheo. "Mkuu" na "mheshimiwa" wamekikalia kiti cha mzee.

Pima maneno mawili ya shina moja. Mwanamuziki aliyerekodi miaka 15 tu huitwa "msanii mkongwe", akapigiwa makofi. Bibi wa miaka 80 huitwa "kikongwe", na mara nyingi jina hilo tunakutana nalo kwenye habari za mauaji. Kanda ya Ziwa, nchini Tanzania, mabibi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi. Kilifi, nchini Kenya, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba la kurithi.

Serikali ya Tanzania ilitunga Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, ikamtaja mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea. Hospitalini sasa lipo dirisha la wazee. Ni jambo jema, lakini dirishani mzee hupokea tu. Zamani heshima yake ilitokana na alichotoa: kupatanisha ndugu, kukumbuka mipaka ya mashamba, kumkanya mtoto wa jirani. Kazi hizo zimekwenda mahakamani, kwenye ofisi za ardhi na shuleni, majina yakabaki bila kazi, kila mwenye kuyataka akajichukulia.

Penye wazee haliharibiki neno, tunasema. Methali hiyo inadai wazee wawepo, tena waulizwe. Kikao kijacho cha ukoo, kabla ya kumpa bibi kiti cha mbele, tumwulize kwanza mpaka wa shamba ulipita wapi, kisha tumsikilize mpaka amalize.