Safu Zisizopigiwa Makofi

Tarehe 9 Aprili 2011, mjini Portland, Marekani, kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Lubumbashi alifunga pointi 12 katika mechi ya mpira wa kikapu ambayo timu yake ilishindwa 92 kwa 80. Ukiisikia habari hiyo redioni kwa kifupi hivyo, utaendelea na shughuli zako. Pointi 12 si za kutangazia mtaa, na tena ni za upande ulioshindwa.

Lakini kijana huyo, Bismack Biyombo, aliyekuwa katika kombaini ya vijana wa dunia dhidi ya vijana wa Marekani, alidaka pia ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Tangu mashindano hayo ya Nike Hoop Summit yaanze, hakuna mchezaji kabla yake aliyekuwa amefikisha kumi katika safu tatu za karatasi ya mechi moja. Mwezi wa Juni mwaka huohuo alichaguliwa wa 7 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Waliomtaka waliisoma karatasi nzima.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Mubi, teritwari ya Walikale, na jioni kiwanja cha shule kikikauka ndimi ninayeandika karatasi ya mechi. Mchezo ukiisha, vijana hunizunguka na swali lilelile: “Mama Mwalimu, mimi nimetia ngapi?” Hawaniulizi wamedaka mingapi, wala wamepoteza mingapi. Makala haya ni jibu langu kwao, na kwa wazazi wanaowashangilia.

Kwamba pointi pekee hazitoshi, watu wa huku wanalijua kupitia kasiterite, madini ya bati yanayotoka mgodi wa Bisie. Gunia likiwekwa kwenye mizani, kilo zake kila mtu anaziona. Mnunuzi anayejua kazi yake haishii hapo. Anataka kujua bati lililomo ndani ni kiasi gani, maana gunia zito laweza kuwa limejaa mawe matupu. Pointi ndizo kilo. Safu nyingine za karatasi ndizo zinazokuambia kuna nini ndani.

FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, lina hesabu fupi ya kumpima mchezaji, na mtoto wa darasa la sita anaiweza. Jumlisha pointi zake, ribaundi, pasi zilizozaa kikapu, mipira aliyoipora na mitupo aliyoizuia. Kisha toa mitupo yote aliyoikosa, ya kawaida na ya adhabu, pamoja na mipira aliyoipoteza. Kinachobaki ndicho kipimo chake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchezaji wa kwanza ametia pointi 20: ametupa mara 24 na kupata 8, akaongeza mitupo 4 ya adhabu bila kukosa hata mmoja. Ana ribaundi 3, pasi 1 ya kikapu, na amepoteza mipira 5. Jumla yake ni 24. Ukitoa mitupo 16 aliyoikosa na mipira 5, anabaki na 3. Wa pili ana pointi 8 tu, kwa mitupo 4 kati ya 6. Lakini ana ribaundi 12, pasi 3 za kikapu na mipira 2 aliyoipora, na amepoteza mmoja. Jumla yake ni 25. Toa mitupo 2 aliyoikosa na mpira 1 alioupoteza, anabaki na 22. Huyo wa kwanza ndiye atakayebebwa mabegani jioni hiyo. Wa pili ndiye aliyeifanya timu icheze.

Timu nayo inapimwa kwa mtindo huo. Kabla ya kuuliza imefunga ngapi, uliza imepata nafasi ngapi za kushambulia. Chukua mitupo yake ya kawaida, ongeza mipira iliyopotezwa, toa ribaundi ilizodaka chini ya kikapu cha wapinzani, kwa kuwa hizo zimeendeleza shambulio lilelile, kisha ongeza mitupo ya adhabu mara 0.44. Timu iliyotupa mara 60, ikapoteza mipira 14, ikadaka ribaundi 10 za ushambuliaji na kupata mitupo 20 ya adhabu, imeshambulia karibu mara 73. Ikiwa imefunga 66, hiyo ni takriban pointi 90 kwa kila mashambulizi 100. Hapo unaweza kulinganisha timu inayokimbia sana na ile inayotembea. Unaweza pia kulinganisha mechi ya FIBA ya dakika 40 na ya NBA ya dakika 48, kwa sababu pointi 20 za huku na 20 za kule hazina thamani moja.

Kwetu safu ya mipira iliyopotea ndiyo inayojaa haraka. Mvua ya msitu huu haichagui mwezi, na kwenye udongo uliolowa mpira unadunda mara moja kisha unalala. Anayeng'ang'ania kudunda ananyang'anywa. Wanaojifunza kupasi mapema ndio wanaoshinda, na karatasi zangu zinalionyesha hilo wazi kuliko hotuba yoyote ya kocha.

Wakongomani wenzangu, jina kubwa la nchi yetu katika mchezo huu limeandikwa katika safu zisizopigiwa makofi. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyefariki mwaka 2024, alicheza NBA misimu 18, na wastani wake wa pointi haukufika hata 10 kwa mechi. Lakini alizuia mitupo 3,289, wa pili katika historia ya ligi hiyo nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Mwaka 1994 timu yake ya Denver, iliyoingia kwenye mchujo ikiwa ya 8 upande wa magharibi, iliiondoa Seattle iliyokuwa ya kwanza, naye akazuia mitupo 31 katika mechi tano. Mara nne alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka.

Mutombo alikuwa na bahati ya kuzaliwa wakati wa kuandikwa. NBA ilianza kuhesabu rasmi mitupo iliyozuiwa katika msimu wa 1973–74. Bill Russell, aliyeshinda mataji 11 na Boston kwa ulinzi wake, alikuwa amekwisha kustaafu. Mitupo aliyoizuia haina idadi rasmi mpaka leo, ingawa maelfu ya watu waliiona kwa macho yao.

Hata matokeo ya mwisho hayatoshi. Katika Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, wanawake wa Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, walifungwa na Marekani 107 kwa 47. Anayeishia hapo atasema hapakuwa na wachezaji. Ndani ya timu hiyo alikuwemo Mwadi Mabika wa Kinshasa. Mwaka uliofuata alikuwa Los Angeles Sparks katika msimu wa kwanza wa WNBA, na pamoja nao akatwaa ubingwa mwaka 2001 na 2002.

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma, mji wa mkoa wetu, na mwaka 2022 akawa bingwa wa NBA na Golden State Warriors. Vijana wa Walikale na Masisi wanalijua jina lake. Wanachokosa ni uthibitisho wa uwezo wao wenyewe. Vita inapofunga barabara, hakuna kocha wa mbali atakayefika kuwatazama, na shule inapohama, kila kilichokuwa kichwani mwa mwalimu huhama naye au hupotea.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Mubi, Njingala, Walikale na Masisi: kila mechi iwe na karatasi yake, ya wasichana na ya wavulana. Inatosha kalamu, daftari na wanafunzi wawili, mmoja akitazama na kutaja, mwingine akiandika. Wekeni tarehe, majina, dakika, mitupo iliyoingia na iliyokosa, ribaundi, pasi, mipira iliyoporwa, iliyopotea na mitupo iliyozuiwa. Msichana anayedaka kila mpira bila kutia hata pointi moja ana haki ya kujulikana kwa kazi hiyo. Siku akiulizwa Goma au Kigali anacheza vipi, awe na jibu lenye tarehe na idadi, lililoandikwa na mtu aliyekuwepo.