Sabuni ya Mche na Utando wa Korona

Msomaji wetu mmoja wa Tanga, mama anayeuza maandazi karibu na stendi, ametuandikia swali ambalo nadhani watu wengi wamekaa nalo tangu Machi 2020. Anasema siku zile vitakasa mikono vilipopanda bei kisha vikaadimika madukani, yeye na wanawe walinawa kwa sabuni ya mche ile ile ya kufulia, wakiikata vipande kwa uzi. Jirani akamwambia anajidanganya, kwamba sabuni ya kufulia huondoa jasho na masizi lakini virusi vinataka dawa ya hospitali. “Je, ilitukinga,” anauliza, “au tulikuwa tunajifariji tu?”

Iliwakinga mikono, mama, na chupa ya bei ghali isingefanya kazi hiyo vizuri zaidi. Kilichobaki ni kueleza ilivyofanya. Hapo naomba subira ya msomaji, maana katika kemia yote ninayoifahamu hakuna kazi inayonifurahisha kama hii.

Kwanza turudi kwenye siku zenyewe. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba korona sasa ni janga la dunia. Siku mbili baadaye Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza. Tarehe 16 Waziri wa Afya wa Tanzania, Ummy Mwalimu, akatangaza wa kwetu, msafiri aliyetoka Ubelgiji na kugundulika Arusha, na kesho yake Serikali ikatangaza kufunga shule. Nchini Kenya, matatu ya viti 14 ikaamriwa kubeba abiria 8, na Safaricom ikafuta ada ya M-Pesa kwa miamala ya hadi shilingi 1,000 ili watu wapunguze kupokezana noti. Hofu ilihamia kwenye vitu: noti, komeo la mlango, bomba la kushikia ndani ya daladala, nyanya za sokoni. Wazee waliozoea kupeana mikono wakawa wanasimama mbali na kuweka kiganja kifuani. Watu walijifukiza, wakachemsha tangawizi na malimau, wakatumiana ujumbe wa vitunguu saumu usiku kucha. Katikati ya yote hayo, kinga ambayo wanakemia waliweza kuieleza hatua kwa hatua tangu mwanzo ilikuwa kipande cha sabuni kwenye karai.

Kirusi ni nini sitaeleza, redio na mabango yalitufundisha vya kutosha. Nataka tutazame vazi lake tu. Kirusi cha korona kina upana unaokaribia nanomita 100, kiasi kwamba ukivipanga mia kadhaa mstari mmoja ndipo utafikia upana wa unywele. Ndani kimebeba uzi wa RNA wenye herufi zipatazo 30,000 za maelekezo ya kujizalisha. Nje kimejifunika utando wa mafuta, na kwenye utando huo imechomekwa ile miiba ya protini ambayo picha zake zilijaa magazetini. Utando wenyewe ni wa wizi. Kila kirusi kipya kinapoundwa ndani ya seli ya mtu hujizungushia kipande cha utando wa seli hiyo hiyo, kisha hutoka nacho. Miiba ndiyo inayokiwezesha kuingia kwenye seli nyingine, na miiba imesimama juu ya mafuta. Mafuta yakisambaratika, miiba haina tena pa kusimama.

Molekuli za utando huo zina pande mbili: kichwa kinachochanganyika na maji, na mikia miwili mirefu ya kaboni isiyochanganyika nayo. Naomba msomaji aikumbuke hiyo mikia miwili, nitaihitaji. Majina ya pande hizi kwa Kiswahili yananisumbua. Nimesikia kichwa kikiitwa kipendamaji na mkia kiogopamaji, na hilo la pili linapotosha. Mkia hauogopi chochote. Maji ndiyo yanayoukataa. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa mvuto wa chaji za umeme, na mkia wa mafuta hauna chaji ya kushikwa, kwa hiyo ukijipenyeza kati yao unavuruga mshikamano wao, nazo zinausukuma kando. Ndiyo sababu mimi nauita mkia “mkataliwa”, na kichwa “mpokewa”. Wataalamu wa istilahi wakinipa jina bora nitalichukua kwa furaha, mradi tu jina hilo lisiseme kwamba mkia ndio uliokimbia.

Sasa fikiria mkutano wa hadhara uwanjani, mvua inaanza kunyesha, na kila mtu ana mwavuli. Mwavuli ndio kichwa mpokewa, unalowa bila taabu. Mwili ulio chini yake ndio mikia mikataliwa, ambayo haitakiwi kupata hata tone. Watu watasogeleana mpaka mwavuli uguse mwavuli, na paa litatokea juu ya uwanja pasipo fundi wa kuezeka. Hakuna aliyemshika mwenzake. Hakuna kamba wala msumari. Mvua yenyewe ndiyo inayowabana pamoja. Hivyo ndivyo utando wa kirusi ulivyoshikamana: molekuli zake hazikufungamanishwa moja na nyingine kwa muungano wa kikemia, zimesongwa tu na maji yaliyozizunguka. Na kwa kuwa maji yapo pia upande wa ndani, weka umati wa pili chini ya nyayo za umati wa kwanza, umesimama kichwa chini miguu juu, nyayo kwa nyayo, miavuli yake ikikinga maji yanayotoka chini. Tabaka mbili za miavuli, na katikati pakavu. Unene wa jengo lote hilo ni nanomita 4 au 5 tu.

Linalofuata ndilo ninalolipenda kuliko yote. Watu wa umati huu ni wanene. Kila molekuli ina mikia miwili, hivyo mwili wake unajaza nafasi yote iliyo chini ya mwavuli, upana wa juu na wa chini ni mmoja. Wanene wakibanana wanatengeneza paa bapa linaloweza kuenea mbali bila kupinda sana. Kisha waingie watu wembamba wenye miavuli mikubwa. Hao ndio sabuni. Molekuli ya sabuni ina kichwa chenye chaji hasi, na vichwa vyenye chaji moja husukumana, kwa hiyo kila kimoja hudai nafasi kubwa. Chini yake kuna mkia mmoja tu. Wembamba nao wanataka miili yao igusane ili maji yasipite, lakini miavuli yao inagongana kabla miili haijakutana. Watafanyaje? Wanakusanyika duara, miili ikutane katikati, miavuli itazame nje kila upande. Paa lao haliwezi kuwa bapa, linakuwa tufe. Ndiyo maana sabuni ikizidi kiwango fulani ndani ya maji hujikusanya kuwa vitufe vidogo, mikia ndani na vichwa nje, na ndiyo maana mafuta ya kwenye sahani huingia ndani ya vitufe hivyo na kuondoka na maji.

Mwembamba mmoja akijichomeka katikati ya wanene atapata nafasi, maana na yeye anakwepa mvua ile ile. Mmoja hadhuru. Wakizidi kuingia, paa linaanza kupinda mahali ambapo halikuumbwa kupinda. Chini ya miavuli yao mikubwa pana uwazi, na maji hayavumilii uwazi. Wanene walio jirani hujivuta kuuziba, paa linakonda, linachanika. Penye mchaniko pana ukingo uliopinda, na ukingo uliopinda unawafaa wembamba kuliko mtu mwingine yeyote, basi wanakimbilia pale kwa wingi na tundu linapanuka. Mwishowe umati mzima unagawanyika kuwa mafungu ya duara, kila fungu na wanene wachache waliozungukwa na wembamba, na uwanja uliokuwa na paa moja haubaki na paa lolote. Miiba ya protini inaelea bila mpangilio. Uzi wa RNA umemwagika nje, na peke yake hauna njia ya kuingia kwenye seli ya mtu.

Kazi hii haihitaji sumu yoyote. Inahitaji molekuli yenye kichwa kipana na mkia mmoja, nayo imo ndani ya kila mche wa sabuni unaouzwa Tanga, Kisumu au Bukavu. Mafuta ya mawese au ya nazi yakichanganywa na kostiki soda, kila molekuli ya mafuta yenye mikia mitatu hukatwa, na mikia inaachiliwa mmoja mmoja, kila mmoja na kichwa chake kipya. Mikia mingi ya mafuta ya nazi ina kaboni 12. Ya mawese ni mirefu zaidi, mingi ina 16 au 18. Mkia mfupi huyeyuka upesi kwenye maji, na kwa sababu hiyo sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, jambo ambalo mabaharia wamelitumia kwa muda mrefu.

Kuhusu dawa ya hospitali aliyoitaja jirani: mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku kiuavijidudu kiitwacho triklosani na viambato vingine 18 katika sabuni za kunawia nyumbani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba vinakinga kuliko sabuni ya kawaida na maji. Kitakasa mikono chenye spiriti ni silaha halali kabisa. Spiriti huyeyusha utando na kuharibu protini, na fomula ya Shirika la Afya Duniani ina ethanoli ya asilimia 80. Faida yake ni kwamba hakihitaji bomba. Lakini kwenye mkono wenye unga na mafuta ya kukaangia, kama mkono wa muuza maandazi saa mbili asubuhi, spiriti hulowesha uchafu na kuuacha pale pale. Sabuni inauondoa. Kwa mkono huo ningechagua mche bila kusita.

Zile sekunde 20 tulizoambiwa tuhesabu zina maana yake. Molekuli za sabuni lazima ziwe nyingi, na lazima zifike kwenye mikunjo ya viganja na chini ya kucha, na kusugua ndiko kunakozifikisha. Maji ya visima vingi vya pwani yana kalsiamu na magnesiamu, ambazo hunasa vichwa vya sabuni na kuacha utando mweupe kwenye beseni. Sabuni iliyonaswa hivyo haifanyi kazi. Dawa yake ni kuongeza sabuni mpaka povu litokee na lisife, kwa sababu povu linalodumu ni ishara kwamba ipo sabuni iliyobaki huru. Maji ya moto si lazima.

Sabuni ina mipaka yake pia. Norovirusi na virusi vya polio havina utando wa mafuta, kwa hiyo sabuni huvibandua tu na maji huvipeleka. Korona nayo husafiri zaidi kwa hewa tunayopumua karibu karibu kuliko kwa vitu tunavyoshika, ndiyo maana barakoa na madirisha wazi vilihitajika pamoja na sabuni.

Kinachonikera mpaka leo ni maji. Mwaka 2020 UNICEF ilikadiria kwamba watu bilioni 3, yaani asilimia 40 ya wakazi wa dunia, hawakuwa na mahali pa kunawa kwa maji na sabuni nyumbani kwao. Tuliwaambia watu wa vyumba vya kupanga Manzese na Kibera wanawe kila saa, huku dumu la maji likinunuliwa. Watu walijitahidi kwa kiasi cha kutia moyo. Vibuyu chirizi vikatundikwa kwenye miti, dumu lililotobolewa na kamba ya kukanyaga kwa mguu, ili mkono mchafu usiguse chombo na maji yasipotee. Kaunti ya Bungoma, mvulana wa miaka 9 alijitengenezea mtambo wa mbao unaoinamisha ndoo kwa kukanyagwa, na Juni 2020 akatunukiwa nishani ya Rais wa Kenya. Kila mlango wa duka, benki na ofisi ya kata ulikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni.

Nyingi ya ndoo hizo leo zimekauka au zimeondolewa, na hilo ni kosa, kwa sababu sabuni haikuwa na kazi ya korona peke yake. Kunawa kwa sabuni hupunguza maradhi ya kuhara kwa takriban theluthi moja, na kuhara bado kunaua watoto wetu. Kipindupindu hakijaondoka. Nawaomba wenyeviti wa masoko, walimu wakuu na madiwani wanaopitisha bajeti za halmashauri wazirudishe ndoo stendi, sokoni na mlangoni mwa kila choo cha shule. Watenge fedha za maji ya kuzijaza kila asubuhi na mche mmoja wa sabuni kwa kila ndoo, ukatwe vipande ili kikiibwa kimoja kingine kiwepo.