Kopo Moja, Miguu Ishirini na Minne

Jogoo wangu alianza kutembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Anainua mguu, anaushikilia hewani, anaushusha kwa kusitasita. Usiku nikamtoa kichanjani, nikamlaza mapajani na kumulika kwa tochi ya simu. Magamba ya mguu, ambayo kwa kuku mzima hulala kama vigae, yalikuwa yamesimama, na chini yake pameganda ungaunga mweupe kama chumvi iliyolowa ikakauka. Nilipokwangua kidogo kwa ukucha, kipande kikatoka na damu. Nikawakagua wote kumi na wawili: saba walikuwa nao.

Ni utitiri wa miguu. Mdudu mwenyewe humwoni kwa macho. Anachimba chini ya gamba, anaishi humo na kuzaliana humo, na anahama polepole kutoka kuku hadi kuku wanapobanana usiku. Akiachwa, kuku huchechemea, mwishowe hata vidole hukatika.

Hapa Tanga ushauri wa kuku haununuliwi. Ndani ya wiki moja nilishauriwa oili chafu ya gereji, mafuta ya taa, mafuta ya nazi, mafuta ya mgando, na sindano. Nikakaa na kalamu. Bei ninazotaja ni za maduka niliyoingia mimi. Zako zinaweza kupanda au kushuka kidogo.

Oili chafu ni bure, na fundi anakujazia chupa huku yeye ndiye anayekushukuru. Inaua, sikatai, maana mafuta yoyote mazito humziba mdudu pumzi. Lakini kuku hujisafisha kwa mdomo. Ulichompaka mguuni atakimeza, pamoja na masizi na madini yote yaliyotoka kwenye injini. Mafuta ya taa nayo huunguza. Jirani yangu alimpaka tetea wake, ngozi ikababuka, kuku akakataa kula, akaingia sufuriani kabla ya siku yake. Kuku wa shilingi 20,000 ameondoka kwa dawa ya shilingi 500.

Sindano ndiyo iliyonishawishi zaidi, kwa sababu ya uvivu. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo aliniwekea chupa mezani kabla sijamaliza kueleza. "Chukua ivermectin, mama. Mara moja tu, umemaliza kazi." Mililita 50, shilingi 9,000. Nikalipa. Nyumbani ndipo nikasoma lebo: ng'ombe, kondoo, nguruwe. Kuku hayumo.

Hebu tupige hesabu ambayo dukani haikupigwa. Dawa ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Kipimo wanachotumia madaktari wa mifugo kwa ndege ni kama miligramu 0.2 kwa kilo moja ya uzito. Tetea wa kilo moja na nusu, basi, anahitaji miligramu 0.3, yaani mililita 0.03. Hilo ni chini ya tone. Bomba la sindano tunalouziwa pamoja na dawa halina hata mstari wa kukipima, na mkono ukiteleza umempa kuku dozi ya mbuzi. Chupa niliyobeba ingetosha kuku zaidi ya 1,600.

Halafu kuna mayai, jambo ambalo muuzaji hakuligusa kabisa. Dawa hii huingia kwenye yai. Lebo isiyomtaja kuku haiwezi kukuambia usubiri siku ngapi kabla ya kula au kuuza. Nina matetea wanane. Wakitaga siku moja na kuruka moja, ni mayai 28 kwa wiki. Kwa shilingi 500 yai la kienyeji, kila wiki ya kumwaga mayai ni shilingi 14,000. Dawa ya 9,000 imekuwa ya 23,000 wiki ya kwanza tu. Kwa mwenye kuku mia mbili, au kuku ambaye miguu imeoza kiasi cha kutosimama, sindano ina mahali pake, lakini apewe na daktari wa mifugo, na yeye ndiye ataje siku za mayai. Gharama ya kumwita ikigawanywa kwa kuku mia mbili haiumi. Kwa kumi na wawili inauma.

Yakabaki mafuta ya nazi na ya mgando. Moyo wangu wa pwani ulikuwa upande wa nazi, na mdudu hachagui, yote mawili yanamziba. Ila kwa joto letu mafuta ya nazi ni maji. Unampaka kuku, anashuka, anapiga hatua tatu kwenye vumbi, yamekwisha. Ya mgando yanang'ang'ania. Kopo la gramu 250 lilinigharimu shilingi 3,500, na kila kuku alikula kama gramu 5 kwa mkupuo. Kuku 12, mara moja kwa wiki, wiki nne: gramu 240. Kopo moja likatosha, na nikabaki na kidogo cha kupaka visigino vyangu. Wenye ndugu Mtwara au Lindi wanaweza kuomba kikombe cha salfa ile ya mikorosho na kuchanganya sehemu moja kwa tisa za mafuta, kwani salfa yenyewe inaua utitiri. Lakini kununua mfuko wa kilo 25 kwa ajili ya miguu ishirini na minne ni kujitafutia mzigo wa stoo.

Kazi yenyewe hufanywa jioni, kuku wakiwa wametulia. Maji ya uvuguvugu kwenye ndoo, kipande cha sabuni ya mche, mswaki mzee. Unaloweka mguu hadi ukoko ulainike, unasugua taratibu, unakausha, kisha unapaka kuanzia vidoleni kupanda juu, ili mafuta yaingie chini ya gamba badala ya kuteleza juu yake. Usibandue ukoko kwa nguvu. Na paka wote, hata watano walioonekana wazima, maana ugonjwa huchelewa kujionyesha. Kila kuku alinichukua dakika nane, jumla zaidi ya saa moja na nusu kwa wiki. Hiyo ndiyo bei halisi ya njia hii, na mtu asiyekuwa nayo aseme mapema.

Sasa banda, ambako mimi nilipoteza hela. Kabla hata ya kugusa mguu nilinunua dawa ya maji ya 6,000 nikanyunyizia kuta zote. Miguu ikabaki vilevile. Mdudu wa miguu makazi yake ni mguu. Ukutani hana shughuli. Kwake banda linahitaji usafi wa kawaida tu: kuondoa maranda ya zamani, kukwangua kinyesi kichanjani, kusugua kwa maji ya moto na sabuni, kuacha jua liingie.

Anayeishi bandani ni binamu yake, utitiri mwekundu, anayejificha kwenye nyufa mchana na kunyonya damu usiku. Kabla ya kununua chochote, tandika kitambaa cheupe chini ya kichanja usiku mmoja, kisha pitisha kidole chini ya mti wa kichanja. Ukiona madoa mekundu na vidoa vinavyotembea, hapo hela ya banda ina kazi. Kuliacha banda tupu wiki mbili hakusaidii, kwani mdudu huyu anaweza kukaa miezi bila kula. Mimi ningeanza na kubadilisha kichanja chenye maganda na nyufa kwa mrunda uliomenywa, shilingi 3,000, halafu chokaa kwenye nyufa za kuta na viotani, mfuko wa 7,000 unaobakia hata kwa uzio. Unga wa pareto ni mzuri, ila jua huudhoofisha haraka, kwa hiyo ni wa kurudia. Dawa za jamii ya permethrin hudumu zaidi, lakini mwenye paka awe macho: kwa paka ni sumu. Majivu na mchanga mkavu kwenye beseni, bure, kuku wataoga na chawa watapungua. Mguuni havifanyi kitu.

Jambo moja limewatajirisha wauzaji wengi. Mdudu akishafa, gamba bovu halianguki kesho yake. Hukaa hadi kuku anyonyoke manyoya, pengine miezi, na mengine hubaki yamepinda maisha. Mfugaji anautazama mguu ule ule mbaya, anaamini dawa imeshindwa, anarudi dukani. Angalia badala yake kama ukoko mpya hautokei na kama kuku ameacha kuinua mguu. Jogoo wangu aliacha wiki ya tatu, ingawa miguu yake hadi leo ni ya mzee.

Mgonjwa wa kwanza, nadhani, alikuwa tetea niliyemleta kutoka mnadani na kumwingiza moja kwa moja kwa wenzake. Sasa kila mgeni hukaa kwenye tenga peke yake wiki tatu, nikimkagua miguu. Ile chupa ya ivermectin niliiuza kwa 6,000 bila kuifungua, kwa jirani mwenye kondoo kumi na wanne.